Miswada ya Grace Williams pale Aberystwyth: huduma ni bure ila jipange kabla hujaenda

Wadau wa muziki, nianze na jibu kabisa maana najua wengine mtasoma mistari miwili mtaondoka: kama unapenda muziki wa okestra na una siku moja au mbili huru ukiwa upande wa Welisi au Uingereza, panda treni nenda Aberystwyth, ingia Maktaba ya Taifa ya Welisi, omba uletewe miswada (nota alizoandika kwa mkono) ya mtunzi wa Welisi, Grace Williams. Hamna kiingilio, kadi ya msomaji ni bure, na hamna mtu wa kukuuliza una digrii ya nini. Huduma nyota tano. Safari yenyewe nyota tatu na nusu, ntaeleza huko chini.

Kwa wasiomjua huyu mama. Alizaliwa 1906 Barry, mji wa bandari kusini mwa Welisi, baba yake alikuwa mwalimu na ndo aliyekuwa anaongoza kwaya ya wavulana ya Romilly, kwa hiyo nyumbani muziki ulikuwa mwanzo mwisho. Akasoma Cardiff, akaenda Royal College of Music London akafundishwa na mtunzi Vaughan Williams (hawana undugu, ni majina tu yamefanana), halafu 1930 hadi 1931 akawa Vienna akifundishwa na mtunzi Egon Wellesz. Baadaye akawa anafundisha shule ya wasichana London, vita ikaja, shule ikahamishiwa Grantham, na ni miaka hiyohiyo ya mabomu aliyoandika vitu viwili ambavyo mpaka leo ndo vinapigwa kuliko vyote, Fantasia on Welsh Nursery Tunes ya 1940 na Sea Sketches ya 1944. Mwaka 1947 akarudi Barry, akaishi huko hadi alipofariki 1977. Muziki wa filamu ya Blue Scar ya 1949, ile ya kijiji cha wachimba makaa ya mawe, ni wake, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Uingereza kuandika muziki wa filamu ndefu. Miaka ya 1960 wakataka kumpa nishani ya OBE, akakataa.

Sasa sababu ya mimi kusema miswada yake ina uzito wa peke yake ni hii. Mei 1951 Grace Williams alikaa akapitia nota zake zote alizokuwa ameandika mpaka siku hiyo, na karibu kila alichoona hakistahili kupigwa mbele ya watu akakiharibu. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, si moto wala mafuriko wala ndugu wasiojua thamani. Alikuwa na miaka 45, ana jina tayari, BBC wanapiga kazi zake, na bado akaona afadhali kibaki kidogo kilicho kizuri. Mi nikifikiria hilo naumia kidogo, maana huwezi kujua nini kilienda, ila pia namheshimu sana. Ukweli ni kwamba karibu kila karatasi ya kabla ya hapo unayowekewa mezani Aberystwyth ni karatasi ambayo mwenyewe aliitazama akasema hii ibaki. Kwa watunzi wengine unaletewa kila kitu, mazoezi ya chuo, vipande vilivyoachwa katikati, nyimbo za harusi ya rafiki, na unapoteza nusu siku kutafuta cha maana. Hapa mchujo umeshafanywa na mtu mwenye masikio makali kuliko yako na yangu.

Tuje kwenye huduma. Hatua ya kwanza usiende kichwa kichwa, kaa nyumbani na laptopu ufungue katalogi ya maktaba kwenye intaneti. Iko kwa Kiwelisi na Kiingereza, unaandika jina la mtunzi, inakuletea mti wa vitu, mkusanyiko mkubwa juu halafu matawi chini. Andika pembeni namba ya kumbukumbu ya kila unachotaka maana ukifika kaunta ni namba ndo inaongea, ukisema tu "nataka zile nota za bahari" utasaidiwa, watu wale ni wapole, ila utakula muda wako mwenyewe. Halafu angalia kama kitu unachotaka kina picha za kidijitali zinazoonekana mtandaoni, maana maktaba hii imeskani vitu vingi sana kwa miaka mingi, na kama kipo kwenye skrini unaweza kukisoma ukiwa kitandani kisha siku ya kwenda ukaitumia kwa vile visivyoonekana. Agiza mapema. Nasisitiza hapa kwa sababu miswada haikai kwenye rafu za chumba cha kusomea, inakaa kwenye stoo yenye joto na unyevu unaodhibitiwa, na kuna saa maalumu za kwenda kuitoa. Ukituma oda kabla ya kufika unakuta vitu vinakusubiri.

Kadi ya msomaji unajiandikisha, unaonyesha kitambulisho na kitu chenye anwani yako, basi. Begi, koti, chupa ya maji, vyote vinabaki kwenye makabati ya kufungia. Unaingia na penseli, karatasi, laptopu na simu iliyozimwa sauti. Kalamu ya wino hairuhusiwi kabisa, na hili naliunga mkono kwa asilimia zote, tone moja la wino kwenye nota ya 1944 halitoki milele. Vyakula hapana. Mikono safi na mikavu, na wala usishangae usipopewa glavu nyeupe kama kwenye sinema, kwa karatasi wahifadhi wengi siku hizi wanataka mikono mitupu iliyooshwa, kwa sababu glavu zinafanya vidole viwe vizito na karatasi inachanika.

Chumba chenyewe ni kikubwa, dari iko juu, kimya cha kweli, na meza ni pana kiasi kwamba nota kuu ya okestra (ile ya mwongozaji yenye vyombo vyote) unaifungua bila kubanana na jirani. Kama kitu kimejalidiwa wanakupa mito ya sponji ya kukiegemezea ili mgongo wa kitabu usivunjike, na kamba nzito laini ya kulaza juu ya ukurasa usijikunje. Watumishi wanaanza kukusalimia kwa Kiwelisi halafu wakiona huelewi wanahamia Kiingereza bila kununa. Nilimuuliza dada mmoja wa kaunta maswali ambayo kwake lazima yalikuwa ya kitoto, kuhusu namna ya kutofautisha rasimu na nakala safi, akatoka kwenye kiti chake akaja mpaka mezani akanionyesha pa kuangalia. Huduma kama hiyo sehemu nyingine unalipia.

Na sasa uhondo wenyewe. Kama hujawahi kukaa na muswada wa muziki naomba ujue si sawa na kusoma nota iliyochapishwa hata kidogo. Nota ya kuchapwa imenyooshwa, kila kitu kina nafasi sawa, huoni mtu. Muswada unakuonyesha mkono uko wapi na haraka iko wapi. Chukua Sea Sketches. Ni ya okestra ya nyuzi peke yake, hamna tarumbeta, hamna filimbi, hamna ngoma, vipande vitano: High Wind, Sailing Song, Channel Sirens, Breakers, na mwisho Calm Sea in Summer. Sasa kwenye kile cha upepo ukurasa umejaa weusi kabisa, violini zinakimbia na nota zimebanana hadi unaweza kujua kasi bila kusoma neno la juu. Fungua cha mwisho, bahari ya kiangazi, ukurasa umekuwa mweupe. Nota ndefu, nafasi kubwa, mistari mitano inapumua. Ni kitu ambacho kwenye CD unakisikia lakini hukioni, na hapo ndo nilielewa kwa nini kile kipande cha mwisho kinanikamata kila nikikisikiliza, ni kwa sababu ameondoa vitu, hajaongeza. Mtu aliyeweza kuharibu kazi zake mwenyewe 1951 alikuwa anajua kuondoa tangu 1944.

Channel Sirens nayo naomba usiipite haraka. Kwa neno "sirens" wengi wanadhani ni wale wanawake wa hadithi wanaowaita mabaharia wafe, kumbe ni honi za meli kwenye ukungu wa Bristol Channel, mlango wa bahari ule ule aliokua akiutazama toka Barry. Kazi nzima aliwatabarukia wazazi wake, akiwashukuru kwa kuwa na busara ya kujenga maisha yao pwani ya Glamorgan. Kumbuka wakati anaandika haya yuko mbali na pwani hiyo, vita inaendelea, hivyo bahari yote ile ni ya kukumbuka. Ukitazama namna alivyozipanga sello na besi chini kabisa, zile sauti zinazoshika na kuachia polepole, unajua huyu hakubuni honi, alilala akizisikia.

Penillion ya 1955 ndo ya pili kwa mimi. Aliiandika kwa ajili ya okestra ya vijana ya taifa ya Welisi, ambayo ilianzishwa 1945 na ndiyo okestra ya kwanza ya vijana ya taifa duniani. Jina limetoka kwenye penillion, uimbaji wa jadi wa Welisi ambapo kinubi kinapiga wimbo mmoja unaojulikana na mwimbaji anaingia baadaye kidogo na wimbo mwingine tofauti juu yake, kisha wote wanafika mwisho pamoja. Grace Williams kachukua wazo hilo akalipeleka kwenye okestra bila kuazima wimbo wa jadi hata mmoja, na tarumbeta ndo inakuwa kama mwimbaji. Ukiwa na nota kuu mbele yako unaona jinsi mstari wa tarumbeta unavyoelea huku chini yake vyombo vingine vinaendelea na safari yao, havimsubiri. Walimu wa kwaya na bendi, hii ni shule ya bure. Mi nilikaa na kurasa chache tu za mwanzo muda mrefu kuliko nilivyopanga, nikawa nanakili kwa penseli namna anavyomwacha mpigaji apumue kabla ya nota ya juu. Aliandikia vijana, na inaonekana, hawabebeshi kitu kisichopigika ila pia hawadharau hata kidogo.

Missa Cambrensis ni mzigo mwingine kabisa, misa kubwa ya waimbaji solo, kwaya, kwaya ya watoto na okestra, ikapigwa mara ya kwanza Llandaff, pale Cardiff, 1971. Ndani ya Kilatini cha misa ameingiza Kiwelisi, katikati ya Credo (Nasadiki) kuna wimbo wa Noeli kwa maneno ya mwandishi wa Kiwelisi Saunders Lewis. Mtu wa kwaya ukiona sauti za watoto zimewekwa wapi utatamani kupiga simu kwa mwalimu wako wa kwaya saa hiyohiyo. Kazi hii baada ya 1971 ilikaa miongo mingi bila kupigwa, na hili ndo linaniuma, maana miswada kuwa salama stoo ni nusu ya kazi tu. Opera yake moja, The Parlour, maneno kaandika mwenyewe akitoa kwenye hadithi ya mwandishi Mfaransa Maupassant, Welsh National Opera wakaionyesha Cardiff 1966. Ukipenda kicheko na familia zenye choyo, iombe. Simfoni ya pili ya 1956, ambayo aliirudia 1975, mi nimeipitia juujuu siwezi kuizungumzia vizuri, ni kali, ina hasira, inahitaji siku yake.

Kuhusu picha na kopi. Watu wengi wanakwama hapa kwa hiyo soma vizuri. Kuwa na ruhusa ya kuona muswada si ruhusa ya kuutoa nje. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ni miaka 70 baada ya mwaka wa kifo cha mtunzi, yeye kafariki 1977, ina maana kazi zake zinalindwa mpaka mwisho wa 2047. Kabla hujanyanyua simu kupiga picha nenda kaunta uliza, kuna taratibu kwa matumizi binafsi ya kusoma, na kama unataka kupiga kazi hiyo kwenye tamasha hiyo ni habari ya mchapishaji na wenye haki, si ya maktaba. Kazi zake kadhaa zilichapishwa na Oxford University Press, na Tŷ Cerdd, kituo cha muziki cha Welisi pale Wales Millennium Centre Cardiff, nao wanachapisha na kuuza nota za watunzi wa huko. Anza na hao. Mi niliwahi kununua nota ya mtunzi mwingine kwa muuzaji fulani mtandaoni, ikaja kopi hafifu, ukurasa mmoja haumo, barua pepe hajibu mpaka leo. Ukishaona muswada wa kweli hutaki tena vitu vya namna hiyo.

Safari sasa. Aberystwyth iko magharibi kabisa, mwisho wa reli, treni haiendi mbele ya hapo. Kutoka London unabadilisha njiani, kwa kawaida Birmingham au Shrewsbury, na unamaliza kama masaa matano hivi. Kutoka Cardiff, mji mkuu wa nchi hiyohiyo, reli haikatishi milima moja kwa moja, inakuzungusha kupitia Shrewsbury, au upande basi. Treni zenyewe si nyingi kwa siku, ukikosa moja unasubiri. Kwa hiyo usijaribu kwenda na kurudi siku moja, lala huko, nyumba za kulala wageni zipo nyingi pale ufukweni. Faida yake ni kwamba kuanzia Machynlleth reli inafuata mto Dyfi mpaka unapokutana na bahari, halafu Borth, na ukikaa upande wa kulia hutatazama simu. Ukishuka stesheni maktaba iko juu ya kilima cha Penglais, jengo kubwa jeupe la mawe unaliona toka mbali, mlima ni mkali kwa mguu, mwenye goti bovu achukue basi au teksi.

Kuna wanaolalamika kwa nini hazina ya taifa iwekwe mbali hivyo. Ugomvi huo ni wa zamani, 1907 Cardiff ikapewa makumbusho ya taifa na Aberystwyth ikapewa maktaba, na kwa mtu wa kawaida bado ni mbali, hiyo ndo nyota moja na nusu niliyokata. Ila vita ya pili ilipokuja umbali huohuo ndo uliosaidia, makumbusho na maktaba kubwa za London zilileta vitu vyao vya thamani kufichwa pale, na wakachimba handaki ndani ya kilima chini ya jengo.

Ukiwa na siku ya ziada usiishie kwa Grace Williams. Wako Joseph Parry, Daniel Jones, Alun Hoddinott, William Mathias, wote miswada yao iko hapohapo. Mi naona afadhali mtunzi mmoja kwa siku, kichwa kinachanganyikiwa.

Nani asiende? Kama husomi nota kabisa, sema ukweli, utachoka baada ya nusu saa, afadhali utafute kwanza CD ya kampuni ya Lyrita yenye Fantasia, Penillion, Sea Sketches, Carillons na konseto ya tarumbeta, sikiliza mara nyingi mpaka uzijue, halafu uende na nyimbo kichwani, hapo hata asiyesoma vizuri ataweza kufuata kwa macho. Fantasia ndo rahisi kuliko zote kuanzia, ni nyimbo nane za watoto wa Welisi zilizofumwa kwenye okestra, dakika kumi na kidogo, kila wimbo ukiingia unaona ameupa chombo gani na kwa nini. Na kama unataka kazi kubwa kama misa, igawe, omba sehemu moja kwanza, maana ukiletewa yote kwa pamoja utajikuta unafunua tu.

Kitu kimoja ningependa maktaba waongeze ni maelezo mafupi kwenye katalogi ya kusema muswada huu ni rasimu, huu ni nakala safi, huu ulitumika na mwongozaji, kwa kila kitu bila kuruka, kwa sababu kwa msomaji anayetoka mbali hiyo ndo tofauti kati ya kuagiza kitu sahihi na kupoteza asubuhi. Mpaka hapo tuma barua pepe kabla, waulize, wanajibu. Na mkienda naomba mtu mmoja aombe nyimbo zake mbili za kwaya za 1975, zile za kwaya, kinubi na horni mbili, Harp Song of the Dane Women na Mariners' Song, ndo za mwisho mwisho alizoandika na bado ni bahari, mi muda uliniishia kabla sijazifikia, aje atuambie zikoje.